Kibuyu Kinachofundisha Kuliko Hotuba



Mvua ikinyesha Kawangware mitaro hufurika, na baada ya siku chache watoto wanaanza kuhara. Sisi tunaotembelea nyumba pamoja na wauguzi tulikuwa na kosa letu: tulisimama mbele ya akina mama tukahutubu. Wao waliitikia, "Ndiyo, ndiyo." Juma lililofuata mama mmoja alituambia amemnyima mtoto maji ili tumbo likauke. Kumbe maneno yetu yalipita kama upepo! Mtoto alipona, lakini sisi tulipata somo.

Ndipo tukachukua kibuyu. Mbinu hii si yetu. Imo katika kitabu cha David Werner na Bill Bower cha mwaka 1982, kilichoandikwa kwa wanaofundisha wahudumu wa afya. Kama hakuna kibuyu, chupa ya plastiki yatosha.

Kutengeneza

Kata tundu juu, ndio utosi. Toboa macho kwa sindano, chini yake toboa pa kukojolea, na nyuma, chini kabisa, toboa tundu kubwa ulizibe kwa kijiti. Jaza maji hadi juu, kisha funika utosi kwa kitambaa chepesi kilicholowa. "Mtoto" analia machozi na kukojoa.

Sasa chomoa kijiti. Utosi unabonyea, machozi yanakauka, mwishowe hata mkojo unakoma. Hapo usieleze kitu. Uliza tu: Mmeona nini? Je, kwetu hutokea? Kwa nini? Tufanye nini?

Mara mama mmoja atasema, "Si tumrudishie maji!" Mpe kikombe amimine, tundu likiwa bado wazi. Akimimina kadiri yanavyotoka, utosi haubonyei tena. Jibu limetoka mkononi mwake, hatalisahau.

Kurudisha maji

Pakiti ya ORS ni bora. Soma imeandikwa maji kiasi gani, usikadirie. Kama haipo: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Onja kwanza, yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya, kwa maana chumvi nyingi inadhuru. Mpe kidogo kidogo, aendelee kunyonya na kula. Kliniki itampa pia tembe za zinki za siku 10 hadi 14.

Usingoje, kimbia hospitali, mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiwa na damu kwenye choo, macho yakiingia ndani au akilegea.

Mkutano ujao

1. Nani ataleta kibuyu?
2. Katika plot yetu, watoto wakihara huwa tunawanyima nini?
3. Maji yetu ya kunywa tunayatoa wapi, na choo kiko umbali gani?

Swali la tatu msiliruke. Kurudisha maji kunaokoa mtoto leo. Kuziba tundu ni kazi yetu sote.