Je, Wajua? Samaki-anemoni Huhamia kwa Mwenyeji Mgeni

Samaki-anemoni wa spishi ya Amphiprion ocellaris, mwenye rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeupe, baharini huishi kati ya minyiri yenye sumu ya aina tatu tu za anemoni, yaani mnyama laini anayejishikiza mwambani. Lakini anapofugwa nyumbani katika tangi la kioo, mara nyingi huhamia kwa anemoni aitwaye Entacmaea quadricolor, ambaye si mwenyeji wake wa asili. Akikosa anemoni kabisa, huweza kujisugua kwenye matumbawe, au hata, ajabu iliyoje, kwenye pampu ya maji. Ute unaofunika ngozi yake husaidia kuzuia seli za sumu zisifyatuke, na kinyesi chake humrutubisha mwenyeji. Anemoni, hata hivyo, ndiye mgumu kutunzwa, kwa kuwa hutegemea mwanga mkali unaowawezesha viumbe wadogo wa jamii ya mwani waishio ndani ya tishu zake kumtengenezea chakula kwa usanisinuru, ilhali samaki huyu hustawi vizuri tangini bila yeye. Katika jozi ya samaki hawa, aliye mkubwa ndiye jike, na akifa, dume aliyebaki hugeuka kuwa jike.