Nyenje Ale Nini Kabla ya Kuliwa?

Wanangu, sogeeni karibu. Leo sikuja na sungura wala fisi. Leo tunakwenda sokoni kumtafutia nyenje chakula cha jioni, na kesho asubuhi nyenje huyohuyo ataliwa. Mnacheka? Chekeni, lakini vikapu mvishike, maana pale sokoni kuna majani ambayo nyenje huyala bila shida, kisha shida ikamkuta aliyemla nyenje.

Atakayemla ni kinyonga. Nimewasikia wale wa nyuma wakiguna. Najua hapa mtaani kwetu Mabanga kinyonga akionekana kwenye ua, mtoto mmoja anapiga kelele na wa pili anainama kuokota jiwe, na mawe kwetu hayakosekani, tumejenga juu ya moto wa volkano uliopoa. Basi liweke jiwe chini kwanza. Kinyonga hana sumu, na mbio hawezi. Katika misitu ya milima yetu, Uganda, Rwanda, Burundi na huku Kivu, yuko mmoja ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Anaitwa kinyonga wa Johnston, kwa jina la Mwingereza Harry Johnston, na aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1901. Wazee wa milimani walikuwa wanapishana naye njiani tangu zamani, ila hakuna aliyewauliza jina.

Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga vinyonga ndani ya nyumba, kwenye vizimba vya wavu vyenye taa. Mimi siwaambii mkamkamate wenu. Kumvusha kinyonga kama huyo kutoka nchi hadi nchi kunataka kibali, kwa mkataba wa kimataifa uitwao CITES, na wanyama wa Hifadhi ya Virunga hawakamatwi. Ukinisikiliza, kinyonga wa uani mwache uani. Lakini habari ya chakula chake ni nzuri mno kuwaachia wenye vizimba peke yao, kwa hiyo leo tunamlisha kwa hadithi tu.

Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1972 vinyonga wa Jackson, nao wenye pembe tatu, walitolewa Kenya wakapelekwa kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwa mwenye duka la wanyama. Walifika wamechoka na safari, hali mbaya. Yule bwana akawaachia kwenye bustani yake wapate nafuu. Nafuu waliipata! Wakatambaa wakaenda zao, wakazaana, na hadi leo wako huko wanatafuna wadudu na konokono wadogo ambao hawapatikani kwingine duniani, na wenyeji hawajafurahi. Mimi hilo la konokono linanisikitisha, lakini tazameni upande wa pili: bustani iliwaponya. Ndani ya bustani kila mdudu anayepita ameshiba kitu chake, huyu jani hili, yule ua lile. Kinyonga anapommeza mdudu, anameza na hicho kilichomo tumboni mwake.

Kizimbani mambo ni mengine. Kinyonga anangoja nyenje wa kwenye boksi, na nyenje wa kwenye boksi anakula unachomtupia. Ukimtupia pumba kavu tu, au usipomtupia kitu, basi kinyonga anameza kikapu kitupu chenye miguu sita.

Utupu huo unaumiza wapi? Kwenye mifupa. Nyenje hana mfupa hata mmoja. Gamba lake limetengenezwa kwa kitini, halina kalsiamu ya maana, na mwilini mwake fosforasi inaizidi kalsiamu mara saba hata tisa. Kinyonga anataka kinyume chake, kalsiamu iwe juu, ikiwezekana mara mbili ya fosforasi. Akiikosa, mwili wake unaanza kuichota kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linakuwa laini, ukiligusa linabonyea. Miguu inapinda kama ya mzee. Kisha ulimi, ule ulimi anaourusha kufumba na kufumbua, unatoka nusu na kuning'inia, kwa sababu misuli nayo haifanyi kazi bila kalsiamu. Mnyama anamwona nyenje mbele yake na hawezi kumfikia.

Haya, tuingie sokoni.

Tunaanza na sombe, maana najua ndiyo mliyoifikiria wote. Hapana. Jani bichi la muhogo, likitafunwa au kupondwa, hutoa sianidi, na hiyo ni sumu kali. Ndiyo maana mama anaitwanga sombe kwenye kinu, kisha anaiacha jikoni ichemke na ichemke, sumu iondoke na mvuke. Nyenje hana kinu wala jiko.

Lengalenga? Hapa pana ujanja. Lengalenga ina kalsiamu nyingi, lakini ina pia oksalati, ambayo huishika ile kalsiamu na kuifunga, tumbo likashindwa kuichukua. Inaingia mbele, inatoka nyuma, kazi haikufanyika. Sisi tunaichemsha na kumwaga maji, halafu pembeni tunaweka sambaza wa ziwani, tunawatafuna na mifupa yao. Kwa hiyo mtu asirudi nyumbani kumwambia mama lengalenga ni mbaya, maana atakayeitwa ni mimi. Nyenje anaweza kuionja mara moja moja. Asiifanye chakula cha kila siku.

Sasa twende kwa mama anayeuza shu na karoti za Kibumba. Mtazameni anavyopanga mzigo wake. Anabandua majani ya nje ya shu, yale ya kijani kibichi, yamechubuka, anayatupa pembeni ili shu ionekane nyeupe na safi. Mteja anataka ile nyeupe. Nyie okoteni yale ya kijani, yana kalsiamu nyingi kuliko ya ndani, na hayana bei. Sukuma wiki ni bora zaidi, mkiipata. Ongezeni karoti moja, kwa sababu ile rangi yake mwili unaweza kuigeuza vitamini A, na vinyonga wa kufugwa wakiikosa huvimba macho. Kipande cha papai pia chaweza kuingia kikapuni.

Avoka tuiache. Ina kitu kiitwacho persini, ambacho huua kasuku na ndege wengine wa kufugwa, na mimi sioni sababu ya kukijaribu kwa kinyonga. Maganda ya viazi yaliyogeuka kijani kwa jua, yaacheni pia, yana solanini. Na pumba ya mahindi yenye harufu ya ukungu, hata ukipewa bure, ikatae. Ukungu ule huweza kuwa na sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125, watu wazima na watoto. Kinyonga unayeweza kumbeba kwenye kiganja atahimili nini?

Tukifika nyumbani tunaosha kila jani. Wakulima wanapulizia mashamba dawa ya kuua wadudu, na nyenje ni mdudu. Akifa upesi una bahati, umejua mapema. Asipokufa anaibeba ile dawa hadi mdomoni mwa kinyonga. Halafu sisi tuna volkano za Nyiragongo na Nyamulagira juu yetu. Majivu yao yanapotua kwenye majani, yanatua na floridi. Hata mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo huteremka nayo, watu wakaikinga wakanywa, ndiyo sababu katika vijiji vya ubavuni mwa mlima mnaona watoto wenye madoa ya kahawia kwenye meno. Maji ya bakuli msimwekee nyenje, atazama. Kipande cha karoti kinamtosha kwa kiu, na bidoni ya maji mliyoibeba begani inabaki kwa kazi nyingine.

Msidhani kumlisha nyenje ni mchezo wa watoto. Nairobi kuna kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Huko nyenje wanafugwa wawe chakula cha watu na cha mifugo, na mwaka 2018 aina moja ya Kenya ambayo haikuwa na jina la kisayansi ilipewa jina la kituo hicho, Scapsipedus icipe.

Mtu ataniuliza: kwa nini nisikamate mdudu wa nje, yamekwisha? Wengine ni salama. Lakini panzi wa rangi kali, anayetembea polepole bila kuogopa mtu na ananuka ukimshika, mwacheni, rangi ile ni onyo. Mende aliyetoka kwenye nyumba iliyopuliziwa dawa, vivyo hivyo. Na kimulimuli kabisa, msithubutu. Marekani mijusi wa kufugwa wamekufa baada ya kupewa vimulimuli, na mmoja tu anatosha.

Shu na karoti anapewa nyenje lini? Siku moja au mbili kabla. Ukimlisha leo ukamweka wiki nzima bila kitu, tumbo limekwisha kujisafisha na umepoteza majani yako. Na hata akishiba vizuri, kalsiamu bado haitoshi, kwa hiyo anapakwa unga. Wenye pesa huununua kwenye kopo. Sisi tuna maganda ya mayai, ambayo karibu yote ni kalsiamu kaboneti. Yachemsheni, yaanikeni yakauke kabisa, yasageni hadi yawe laini kama poda ya mtoto mchanga. Tieni kijiko kidogo ndani ya mfuko, wekeni nyenje wawili watatu, tikiseni taratibu, watatoka weupe. Hapo mpeni kinyonga palepale, maana nyenje hapendi uchafu: ukimwacha kidogo tu ataanza kujipangusa, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka unga wote ubaki sakafuni.