Je, Wajua? Tagi za HTML Ndani ya Rust

Je, wajua kwamba unaweza kuandika <h1> katikati ya programu ya Rust, lugha isiyojua HTML hata kidogo, na ikakubali? Makro, yaani msimbo unaoandika msimbo mwingine, inazipokea tagi, maktaba iitwayo rstml inazisoma, na kabla programu haijaanza kukimbia zote zimeshageuzwa kuwa Rust tupu!

Sasa sikia hili. Makro haipewi maandishi yako kama ulivyoyaandika. Rust huyakatakata kwanza kuwa vipande viitwavyo tokeni, kwa hiyo <!-- inafika ikiwa alama 4, kila moja kivyake. Na data-id? Vipande 3! Machoni pa Rust hapo unatoa id kwenye data. Rstml ndiyo inayoviunga tena vikawa jina moja.

Hebu bonyeza spesi mara 20 kati ya maneno mawili. Ndani ya tokeni hakuna hata moja iliyobaki! Ili kuyarudisha maneno yako yasiyo na alama za kunukuu, rstml inalazimika kuchungulia kila kipande kilikaa wapi kwenye faili la asili. Kazi ya ajabu kweli.

Unapenda kuandika :) ukifurahi? Usithubutu kuiacha bila alama za kunukuu! Rust hudai kila bano lipate mwenzake, na bano hilo pweke linaiangusha programu nzima kabla makro haijaona chochote.

Balaa jingine: 2em, kipimo cha kawaida cha ukubwa wa herufi kwenye CSS. Rust ikiona 2e inadhani unaandika namba yenye kipeo cha 10, inasubiri tarakimu, inakutana na m. Inakataa papo hapo!

Wajua HTML ina tagi 13 ambazo hazifungwi kamwe, kama br na img? rstml haizijui yenyewe. Anayetengeneza makro ndiye anayeipa orodha. Tim Berners-Lee, aliyebuni HTML, alipozieleza tagi zake mwaka 1991 zilikuwa 18 tu, zote pamoja. Leo zimepita 100!

Na usidhani Rust ndiyo ya kwanza kuchanganya hivi. Facebook waliingiza tagi ndani ya PHP kwa XHP, wakaitoa kwa umma mwaka 2010, kisha mwaka 2013 wakaja na JSX ya JavaScript.

Ninayoipenda kuliko zote ni hii: ukisahau kufunga tagi, rstml haigomi. Inaendelea kusoma hadi mwisho huku ikikusanya makosa, ili kihariri chako kizidi kukupendekezea maneno hata ukiwa umeandika nusu mstari! Ndiyo maana Leptos, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Rust, unaitumia ndani ya makro yake ya view!, na humo unaweza hata kuandika <></>, tagi isiyo na jina kabisa.