Brentham: Mtaa Uliojengwa kwa Hisa

Katika Ealing, magharibi ya London, uko mtaa wa makazi uitwao Brentham. Wapitao husifu bustani zake na nyumba zake za matofali. Lakini asili ya mtaa huo ni ushirika.

Mwaka 1901 mafundi wa ujenzi, wakiongozwa na seremala Henry Vivian, walianzisha chama cha Ealing Tenants, wakaanza na nyumba 9. Mpangaji alinunua hisa kwa malipo ya kidogo kidogo. Gawio la hisa halikuzidi asilimia 5. Ziada iligawiwa wapangaji kwa kadiri ya kodi waliyolipa, ikaongezwa katika hisa zao. Kufikia mwaka 1915 nyumba zilizidi 600.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mtaji ilitoka kwa watu wasioishi humo. Katika miaka ya 1930 chama kilipita mikononi mwa kampuni ya biashara ya majumba, na nyumba zikauzwa mojamoja. Mwaka 1969 mtaa ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa. Kuta zikahifadhiwa, ushirika ulikuwa umekwisha kutoweka.

Kwa hiyo, kila chama na kichunguze daftari lake la hisa kabla ya kujivunia majengo yake.