Kompyuta Inayozimika Mara kwa Mara

Wanafunzi wa Pemba! Leo tutazame kompyuta ya mezani inayozimika ghafla, kisha ikawaka kana kwamba haina neno.

Kosa la namna hii hujificha fundi akija. Basi shika kalamu. Kila inapozimika, andika saa, na kama taa za nyumba zilififia. Umeme wetu, tangu mwaka 2010, huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Taa zikififia pia, tazama umeme kwanza.

Taa zisipofifia, chomoa waya wa umeme, ndipo ufungue sanduku. Hewa ya chumvi huharibu maungio. Toa kibao cha ramu, kifute kwa kitambaa kikavu, ukirudishe mpaka kikaze.

Tengeneza kimoja, kisha ngoja. Ukigusa vitatu siku moja, hutajua kipi kilichoponya.