Kwa nini koki mpya za bei rahisi zinakatika mapema?

Koki inatoka dukani inang'aa kama kioo. Haipiti muda inaanza kudondosha maji. Fundi anapojaribu kuifungua, shingo inakatika na kipande chenye nyuzi kinabaki ndani ya ukuta. Hapo hoja si bei ya koki tena, ni vigae vitakavyovunjwa ili kipande hicho kitolewe.

Mafundi bomba wengi wanalijua tatizo hili. Chanzo chake kikubwa ni metali iliyojificha chini ya mng'ao.

Kutoka brasi hadi zinki

Kwa miaka mingi koki na viungio vya mabomba vilitengenezwa kwa brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Katika brasi ya kawaida, shaba huwa karibu asilimia 60. Metali hii haishiki kutu kama chuma, na inavumilia kukazwa na kufunguliwa mara nyingi.

Shida ni kwamba shaba ni ghali mara kadhaa kuliko zinki. Ili kushusha bei, baadhi ya viwanda huacha brasi na kutumia aloi ya zinki yenye aluminiamu kidogo. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, wakati shaba inahitaji zaidi ya 1,080. Kwa hiyo moto unaotumika ni mdogo, kalibu inadumu, na koki nyingi hutoka kwa muda mfupi.

Kisha zinapakwa kromu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na za brasi. Ila kromu ikichubuka, maji huanza kuila zinki polepole. Siku spana ikikaza kidogo tu, koki inakatika.

Brasi nayo imekonda

Kuandikwa "brass" kwenye boksi hakumalizi maneno. Kuna viungio vya brasi ambavyo kuta zake zimepunguzwa unene ili kuokoa malighafi. Vingine vina zinki nyingi kupita kiasi.

Maji yenye chumvi, kama ya visima vingi vya Dar es Salaam na maeneo mengine ya pwani, huweza kuitoa zinki ndani ya brasi ya aina hiyo. Kinachobaki ni shaba yenye vitundu kama sifongo, yenye rangi ya wekundu. Kwa nje kiungio kinaonekana kizima, kumbe kimeshaoza.

Mgao wa maji nao unaongeza mzigo. Maji yanaporudi kwa kishindo yakisukuma hewa kwenye bomba, kiungio chembamba ndicho kinachopasuka kwanza.

Rahisi inayogeuka ghali

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku. Ni dumu zima, na kwa mwezi ni madumu 30. Uvujaji ukiwa baada ya mita, bili inamwangukia mwenye nyumba.

Kuna suala la afya pia. Risasi huongezwa kwenye brasi ili iwe rahisi kuchongwa, na sehemu yake inaweza kuingia kwenye maji, hasa yaliyolala bombani usiku kucha. Risasi hudhuru ubongo wa watoto. Marekani, tangu 2014, sheria inataka sehemu za koki ya maji ya kunywa zinazogusa maji ziwe na wastani wa risasi usiozidi asilimia 0.25.

Namna ya kukagua dukani

- Pima kwa mkono. Brasi ni nzito. Kwa ukubwa uleule, aloi ya zinki ni nyepesi kwa karibu moja ya tano.
- Chungulia ndani. Kromu mara nyingi haifiki kwenye tundu la kuingizia maji. Rangi ya njano ni dalili ya brasi, ya kijivu ni dalili ya zinki.
- Angalia ukuta na nyuzi. Kuta ziwe nene pande zote, nyuzi ziwe safi na zisiwe na mapengo.
- Tumia sumaku. Ikinasa kwenye mwili wa koki, hicho ni chuma kilichopakwa. Isiponasa haithibitishi brasi, kwa sababu hata zinki hainasi.

Mpini wa zinki si tatizo. Hata koki nzuri nyingi zinao, kwa kuwa haugusi maji wala haubebi presha.

Bajeti ikibana, cha kuangalia ni mahali kifaa kinapokaa. Koki ya bustanini ikiharibika, hubadilishwa kwa dakika chache. Elbo au soketi inayofukiwa ukutani ndiyo isiyofaa kununuliwa kwa kufuata bei ya chini, maana kuibadilisha ni kuvunja ukuta.

Na hata koki iliyo bora, asubuhi ni vizuri kuyaacha maji ya mwanzo yatiririke kidogo kabla ya kukinga ya kunywa. Yakikingwa kwenye ndoo, yanafaa kwa kudeki.