Je, Wajua Mchezo wa Video Uliojengwa kwa Ndoto za Mtu Mmoja?

Miongoni mwa michezo ya video, ambayo vijana wa mijini huiita gemu, upo mmoja usio na adui wa kupigwa wala bao la kufungwa, na ambao kazi pekee anayopewa mchezaji ni kuota. Mchezo huo, LSD: Dream Emulator, ulibuniwa na msanii wa Kijapani Osamu Sato na kutolewa nchini Japani tarehe 22 Oktoba 1998 na kampuni ya Asmik Ace Entertainment, kwa ajili ya mashine ya PlayStation ya kwanza. Chimbuko lake ni daftari: Hiroko Nishikawa, mfanyakazi wa kampuni hiyo, alikuwa ameandika ndoto zake kwa takriban miaka kumi, na maandishi hayo ndiyo yaliyozaa mitaa, mahekalu na vyumba ambamo mchezaji hutangatanga.

Kila ndoto huhesabiwa kuwa siku moja, na haizidi takriban dakika kumi. Mchezaji akigusa ukuta, mnyama au karibu kitu chochote kile, hurushwa papo hapo hadi mahali pasipohusiana kabisa na pale alipotoka, na akitumbukia shimoni huamka. Akiisha kuamka huoneshwa mchoro wenye mihimili miwili, mmoja ukipima kama ndoto ilichangamsha moyo au iliulemea, na mwingine ukipima kama ilikuwa tulivu au yenye vurugu. Kadiri siku zinavyosonga kuelekea ile ya 365, mahali palepale hubadilishiwa rangi na michoro, hata mtaa uliokwisha kuzoeleka ukawa mgeni. Msomaji wa Mpanda, mkoani Katavi nchini Tanzania, hatapata taabu kulielewa jambo hilo, kwa kuwa katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, maziwa Katavi na Chada ni ya msimu: wakati wa mvua hujaa maji, na kiangazi hugeuka mbuga ya nyasi kavu, huku Mto Katuma ukisinyaa hadi viboko wakasongamana kwa mamia katika madimbwi machache ya matope, kiasi kwamba aliyepaona mwezi Machi anaweza asipatambue mwezi Septemba.

Uzuri wa mchezo huu umetokana kwa sehemu kubwa na udhaifu wa mashine yenyewe. PlayStation ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu na prosesa, yaani kiini cha kukokotoa, yenye kasi ya takriban megahezi 34. Maumbo yake yalijengwa kwa pembetatu ndogondogo, na kona za pembetatu hizo zilipangwa kwenye skrini kwa namba nzima zisizo na desimali, hivyo kitu kilipojongea, kona zake ziliruka kutoka nukta hadi nukta nacho kikaonekana kinatetemeka. Tena, mashine ilipozivika pembetatu picha za matofali au majani, haikuzingatia umbali wa kila kona kutoka kwa mtazamaji, ndiyo maana kuta na sakafu hupinda mtu anapozikaribia. Katika mchezo wa mbio za magari hiyo ilikuwa kasoro. Katika mchezo wa ndoto ni ukweli mtupu, na mashine zenye nguvu zaidi zilizofuata hazikuikaribia ndoto kwa kiasi hicho.

Sayansi ya usingizi nayo inaeleza kwa nini kurushwa huko kutoka mahali hadi mahali kunafanana na ndoto. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza hatua ya usingizi ambamo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na ambayo ndiyo yenye ndoto nyingi zilizo wazi. Tafiti za baadaye zilionesha kwamba katika hatua hiyo sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na picha huchangamka, ilhali sehemu ya mbele, inayopima mantiki, hupunguza kazi. Kwa hiyo mwotaji huruka kutoka sebuleni hadi ufukweni bila kuuliza amefikaje.

Ndoto na simulizi za kujengea mchezo kama huo ni mali ambayo Mkoa wa Katavi unayo kwa wingi. Jina lenyewe ni la Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake inaaminiwa kukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ambako watu huacha sadaka wakiomba baraka, na Wapimbwe, Wabende na Wakonongo wana ndoto na simulizi zao zinazostahili kutunzwa kwa uangalifu uleule aliouonesha Nishikawa. Kijana wa Mpanda anayejifunza kuandika programu na aanze kwa daftari kando ya kitanda, aandike kila alfajiri kabla ndoto haijafutika. Vifaa vya kuigeuza kuwa mchezo, kama vile programu za Godot na Blender, hutolewa bila malipo.